Kibuyu cha Bibi Tekla

Jumatatu, 11 Novemba

Nimemkosea mtoto. Anaitwa Julieth, ana miaka minane, yuko darasani kwangu, la pili A. Bibi yake pia nimemkosea, ila huyo bado hajajua.

Keshokutwa anakuja mthibiti ubora kutukagua. Mwalimu Asnath wa pili B ana zana za kuhesabia, vizibo vya soda kavitunga kwenye waya, vinang'aa. Mimi sina hata kijiti. Kwa hiyo Ijumaa niliwaagiza watoto waje na karanga. Nikasisitiza: kubwa, zinazolingana, zisiwe na mbovu.

Leo wengi mikono mitupu. Julieth kaja na kibuyu kizima. Nikazimwaga mezani, nikaona majivu.

Mimi nimezaliwa Lusu, mtoto wa mkulima. Karanga zilizochaguliwa zikapakwa majivu ni mbegu. Mvua iko karibu. Nilijua. Nikamwambia Julieth vizuri sana, nikaagiza darasa limpigie makofi.

Jumanne, 12 Novemba

Mazoezi. Watoto sitini na wawili, karanga ishirini kila mmoja. Nane kujumlisha nane, safi. Tisa kujumlisha sita, safi. Nikatoka kidogo kumtambia Asnath kwamba na mimi nina zana. Akasema zana zake haziliki. Nikadhani ni wivu.

Niliporudi darasa limetulia. Darasa la pili halitulii bure. Midomo yote inafanya kazi.

Zimeokoka konzi nne. Nimezifungia kabatini. Roho inaniuma. Konzi moja nimeitafuna mwenyewe nikisahihisha madaftari, huku roho inaniuma.

Jumatano, 13 Novemba

Mgeni kakaa nyuma na karatasi zake. Nikampa Ngollo karanga kumi, nikamwambia atoe tatu, atuambie zimebaki ngapi. Ngollo akafikiri sana. Akajibu sifuri. Mgeni akamwuliza imekuwaje. Ngollo akafungua mdomo akamwonesha.

Mgeni alicheka mpaka kalamu ikamdondoka. Akaiokota, akaandika kirefu.

Ofisini Asnath akasema mbele ya watu: "Mwalimu Nestory, hongera, kutoa wamekuelewa. Sasa wafundishe kurudisha." Wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Chai sikuimaliza.

Alhamisi, 14 Novemba

Mvua ya kwanza, alfajiri. Saa tatu Bibi Tekla, bibi yake Julieth, mlangoni mwa darasa, matope mpaka magotini. Nikamwamkia shikamoo. Marahaba ilichelewa.

Akaeleza polepole. Mbegu yake huichagua moja moja tangu mavuno, huitundika juu ya jiko, hiyo haiguswi na mtu. Leo kaamka apande, kibuyu hakipo. Julieth anasema mwalimu kaagiza. Ni kweli? Maana mtoto akianza kwa kuiba mbegu, kesho ataiba nini.

Mwalimu mkuu, aliyemleta, alikuwa ananiangalia. Nikajibu kwamba niliagiza karanga, mbegu sikuagiza.

Kila neno ni kweli. Ndiyo ubaya wake.

Bibi akamgeukia Julieth, akamwita mwizi kwa Kinyamwezi, bila kupaza sauti. Mtoto hakulia. Alinitazama mimi.

Ijumaa, 15 Novemba

Leo Julieth hakunyoosha mkono hata mara moja. Huyo ndiye alikuwa ananisaidia kufundisha.

Za kabatini ziliisha juzi mbele ya mgeni, kwa hiyo nimezunguka Ntalikwa yote kutafuta mbegu. Dukani zipo za kukaanga, zimekobolewa na mashine, zimechubuka, hizo haziwezi kuota. Wenye mbegu hawauzi, na wao wanapanda.

Jioni nikaenda kwa Bibi Tekla kukiri. Anapiga matuta peke yake, matuta matupu. Julieth kakalishwa barazani, hata chungu haruhusiwi kugusa. Bibi akaniambia zikipita wiki mbili bila kupanda, basi, mwaka huu mboga itapikwa kwa maji matupu, bila karanga.

Nikafungua mdomo. Nikajisikia nasema nimepita kuangalia kama mtoto anafanya kazi za nyumbani. Bibi akashukuru, akanikaribisha kiazi. Nikala.

Jumapili, 17 Novemba

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa namwona yule mtoto barazani. Miaka ishirini na mbili nafundisha watoto wasiseme uongo, na mwaka huu aliyesema kweli ndiye aliyeadhibiwa, kwa ajili yangu.

Imetosha. Nitakwenda na jembe langu. Nitamwambia Bibi, Julieth akiwepo, kwamba mtoto alitii na mwizi ni mimi. Nitapanda mpaka tuta la mwisho.

Mbegu nayo nimeshajua pa kuipata, nashangaa sikufikiri mapema. Kesho asubuhi nawaagiza watoto wa pili A, na safari hii namwomba Asnath na wa kwake, kila mmoja aje na konzi moja ya karanga kwa somo la kugawanya: kubwa, zinazolingana, zisiwe na mbovu. Jumamosi tarehe 23, kabla ya saa nne, kibuyu cha Bibi Tekla kitarudi kimejaa.