Solo Yangu na Kitambaa cha Tumbo

Jumatatu, 7 Julai

Nimetoka uzazi. Miezi mitatu ndani. Mtori wa ndizi asubuhi, mtori jioni, supu ya mbuzi katikati, na mama mkwe akinifunga tumbo kwa kitambaa kama anafunga mzigo wa majani ya ng'ombe. Jana ndiyo nimerudi kwaya. Nimeingia na Jesse mgongoni, nimekaa kiti changu cha sauti ya kwanza, nikasubiri waseme karibu. Wakasema. Kisha Mwalimu Sifael akagusa kinanda, na aliyesimama kuimba solo yangu ni Brenda.

Brenda! Hajaolewa, hajazaa, analala usiku mzima.

Mwalimu kasema ni kwa muda tu, kwa kuwa sikuwepo. Nikamuuliza muda huo unaisha lini. Akasema tutaona baada ya tarehe ishirini. Na tarehe ishirini ndiyo sikukuu ya mavuno, Mkuu wa Jimbo anakuja! Baada ya hapo solo ni ya nini? Ya kuimbia kuku?

Niandike ukweli humu, hakuna anayesoma. Huku Mbokomu mimi ni Mama Jesse. Ni mke wa Godbless, ambaye yuko mlimani anawabebea wageni mahema. Ni mkwe wa Mama Eliaichi. Ila kabla ya solo mzee wa kanisa hushika maiki na kusema, ataongoza Eva Elimringi. Jina zima, kanisa zima linasikia. Hilo ndilo walilompa Brenda.

Nitalirudisha.

Jumanne, 8 Julai

Mpango wa kwanza: samli. Bibi yangu alisema samli hulainisha koo, na bibi yangu aliimba mpaka meno yakaisha. Asubuhi samli ya moto, vijiko vya kulia wali. Mchana tangawizi. Jioni yai bichi.

Sauti iko vilevile. Tumbo haliko vilevile. Nimeshinda njia ya chooni.

Mama mkwe ameona samli imepungua, akauliza kama kuna panya. Nikasema yupo. Akaenda kuazima paka.

Alhamisi, 10 Julai

Mazoezi. Mwalimu Sifael amepanda kutoka Rau na bodaboda, kakumbatia bango. Alikuwa kwenye semina ya uimbaji mjini. Bango ni picha ya koo la mtu lililopasuliwa katikati, akalibandika pale tunapobandikaga zamu za usafi.

Nikauliza habari za samli, kwa niaba ya mtu mwingine. Akasema unachomeza kinapita njia ya chakula. Sauti iko njia ya hewa, na ukimeza tu, njia hiyo inajifunika. Samli ikifika kule hutaimba, utapaliwa. Kama koo limekauka, kunywa maji, tena mapema, yazunguke mwilini kwanza. Watu wakacheka. Brenda wa kwanza.

Kisha akaeleza yaliyobaki. Sauti ni vinyama viwili, havizidi kucha ya kidole gumba, vinatetemeka kushinda bawa la nyuki. Vinachotaka ni hewa. Hewa inaingizwa na msuli uliolala chini ya mapafu kama sakafu. Ukivuta pumzi, sakafu inashuka, inasukuma tumbo mbele. Tumbo lisipotoka, hewa haikuingia, umeinua mabega tu. Halafu unaitoa hewa polepole, kama mtu anayepunguza kamba ya ng'ombe mkali.

Akatulaza kwenye mabenchi, kila mtu na kitabu cha nyimbo juu ya tumbo. Cha Brenda kilipanda kama andazi kwenye mafuta. Changu kililala. Kililala kabisa, kama kipo mezani. Chini ya gauni nina kitambaa, mizunguko minne. Nikasema nimeshiba.

Akamnyooshea kidole Jesse, aliyekuwa kwenye kanga chini analia. Mwangalieni tumbo, akasema. Analia kutwa, kesho hakauki sauti, na hakwenda semina. Huyu ndiye mwalimu wenu. Wote wakamtazama mwanangu kwa heshima. Mimi hakuna aliyenitazama.

Nimetafakari njia nzima. Mfuko wa maziwa ukiubana, maziwa yanaruka mpaka ukutani. Basi tumbo likibanwa, sauti itaruka mpaka madhabahuni. Semina imetungwa na watu wasiozaa. Kitambaa kinabaki.

Jumamosi, 12 Julai

Kuna neno moja la Mwalimu nililishika vizuri. Kupiga kelele kunavimbisha vile vinyama.

Leo ilikuwa fainali ya kata uwanja wa shule, na golikipa wetu ni kaka yake Brenda. Nikamwalika Brenda kwa upole sana. Nikamwambia ndugu lazima ashangiliwe. Nikamwekea nafasi nyuma ya goli, mahali ambapo hata bubu angepayuka.

Alikuja na debe! Debe na kijiti. Anapiga debe, mdomo kaufunga, anatabasamu. Nikamuuliza mbona hashangilii. Akasema analinda sauti kwa ajili ya Mkuu wa Jimbo.

Dakika za mwisho refa akatunyima penati ya wazi. Wazi! Kuku angeiona. Sijui nini kilinipanda. Nilimweleza refa habari za macho yake, na za ukoo wake, na za filimbi yake. Jesse aliacha kunyonya akanitazama.

Jumapili, 13 Julai

Sauti hakuna. Nikifungua mdomo ni bawaba ya zizi.

Mwalimu kasema vile vinyama vimevimba, nivipumzishe. Kunyamaza kabisa. Hata kunong'ona nisinong'one, kunachosha zaidi. Brenda kaleta maji ya uvuguvugu kwenye chupa, akasema pole, dada Eva. Maji nimeyanywa. Pole sikuipokea.

Jumatano, 16 Julai

Bado nimenyamaza. Nyumbani naonyesha kwa mikono. Nilijaribu kumweleza mama mkwe kwa maandishi, lakini miwani yake iko Moshi kwa fundi. Akashika karatasi kichwa chini, akairudisha, akaenda kukaa kwenye kihamba, chini ya migomba.

Ameamua nimenuna. Jana aliniuliza kwa maziwa mgando. Akaniuliza kwa ndizi za kuchoma. Akamtuma Mektrida wa jirani aje aniulize, na Mektrida naye nikamjibu kwa mikono, akaondoka mbio.

Leo asubuhi amesimama mlangoni na isale.

Isale! Jani lenyewe, limefungwa fundo. Ukiletewa isale umeombwa msamaha, na isale haikataliwi. Hata aliyechomewa nyumba haikatai. Na hapa ni mama mtu mzima, anamletea mkwe! Nilisahau vinyama vyangu vyote. Nikasema kwa bawaba ile ile, "Shikamoo, Mama, hapana," nikapiga goti, nikapokea kwa mikono miwili.

Akakaa. Akanishukuru kwa kusamehe. Ndipo akaniambia nilichosamehe.

Ni yeye. Mwezi wa tano alishuka kanisani kwa miguu kumwambia Mwalimu Sifael solo apewe mwingine. Aliona nimechoka, mtoto halali, nikirudi kwaya nitaanguka. Alidhani ananisaidia. Kisha aliponiona nimerudi Jumapili ile na uso umevimba, akajua amekosea, na nilipoacha kusema akajua nimejua.

Sikuwa nimejua kitu! Na isale nimeshaipokea. Hasira ninayo, nzima, moto, na pa kuiweka sina.

Alilia kidogo. Mimi si jiwe. Nikampa Jesse amshike, nikaenda kuchemsha chai. Nikiwa jikoni nikaligeuza lile jani mkononi. Nikawaza. Kumbe kuna kitu duniani ambacho mtu hawezi kukikataa.

Ijumaa, 18 Julai

Nimeipeleka kwa Brenda. Isale ile ile. Jipya sikukata, maana liko kwenye mpaka wetu na Mzee Eliezeri, na kwa Mzee Eliezeri ukigusa jani moja utaitiwa mwenyekiti. Lile lilikuwa bado bichi. Nililifuta kwa gauni.

Sauti imerudi, nusu. Nimeomba msamaha kwa habari ya mpira. Na kwa kusema anaimba kama bata ndani ya ndoo. Hilo alikuwa halijui. Kisha palepale, kabla sijameza mate, nikaomba solo.

Brenda alikuwa anaanika kahawa. Akalipokea jani, akalitazama sana. Akasema isale inaomba msamaha, haiombi mali. Tena akauliza mbona fundo limelegea, kama la mtu mwingine. Nikatazama kahawa.

Kisha akasema, "Solo chukua, dada Eva. Mimi nimechoka kuchukiwa."

Hivyo tu! Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, sikujua niweke wapi mikono. Kwa furaha nikamweleza siri yangu yote, kitambaa, mfuko wa maziwa, sauti itakavyoruka. Aliacha kahawa akaja karibu, akanirudishia jani.

"Kifungue. Mfuko mtupu ukiubana, kinatoka nini?"

Wivu. Mkono wa kulia ananipa solo, wa kushoto ananivua silaha. Nilimshukuru, nikaondoka, nikiwa nimekaza tumbo hadi getini.

Jumapili, 20 Julai

Naandika ili nisilie.

Asubuhi mama mkwe alisema kitambaa basi, miezi imetimia, mwili umerudi, leo nikivue nipumue. Hata yeye! Nikamwambia leo ndiyo akaze. Akakaza, shingo upande. Juu yake nikaongeza kanga ya Tarakea. Godbless alipiga simu akiwa geti la kushukia mlima, akasema ananiombea. Nikamjibu kwa ufupi, kwa sababu hewa ya sentensi ndefu ilikuwa haitoshi. Hapo mtu mwenye akili labda angeshtuka.

Kanisa limejaa. Mikungu ya ndizi, viazi, madebe ya maharage, mbuzi mmoja kafungwa kwenye mti nje. Mkuu wa Jimbo mbele. Mzee wa kanisa akashika maiki. Ataongoza Eva Elimringi.

Jina zima. Nilisimama.

Mstari wa kwanza niliutoa vizuri, ni mfupi. Mstari wa pili una ile sauti ndefu ya juu, inayopanda na kukaa. Nikavuta pumzi. Sakafu haikushuka. Mabega yalipanda mpaka masikioni. Nikaanza kupanda na hicho nilichokuwa nacho, na katikati ya neno, katikati kabisa, kikaisha. Mdomo wazi. Kinanda kinaenda peke yake.

Ndipo Jesse, kwenye mapaja ya bibi yake, alipoamua ana njaa. Akafungua. Kutoka tumboni! Sauti moja, ndefu, safi, haikwaruzi, ikapiga mabati ikarudi. Alikaa juu kule mahali nilipotakiwa kukaa mimi. Mpaka mbuzi akajibu.

Nyuma yangu nikasikia Brenda amelidaka neno pale lilipoangukia, kwa sauti ndogo. Hakuja mbele. Alisimama nyuma ya bega langu akaimba mpaka mwisho, kama ndivyo tulivyopanga. Nilipogeuka hakuwa anawatazama watu. Alikuwa ananitazama mimi, kwa huruma. Afadhali angecheka.

Mkuu wa Jimbo akasema usharika huu umejaliwa sauti, hasa yule mdogo. Kicheko kanisa zima. Kwenye mnada wa mazao baada ya ibada mtu alininunulia mkungu wa ndizi mshare. Mnadishaji akatangaza kwamba ni zawadi ya mama wa yule mtoto mwenye sauti.

Asubuhi nilikuwa Mama Jesse. Jioni hata jina la Jesse wamelitoa.

Jumatatu, 21 Julai

Mwalimu Sifael ametuma ujumbe. Hana hasira. Anasema nivue nilichovaa, nije Alhamisi, nilale kwenye benchi na kitabu kama wengine, nianze na pumzi. Solo haina mwenyewe, anasema, itamngoja mwenye hewa. Brenda naye kaleta maziwa na kuniuliza hali. Nimemjibu salama.

Jesse amelala kitandani mchana huu. Nimeweka mkono juu ya tumbo lake. Linapanda, linashuka, linapanda, bila kazi yoyote, moto kama mkate. Nimekaa hivyo muda mrefu mpaka chai ikapoa. Mwanangu ana hewa yote anayoitaka. Sijui kaitoa wapi, si kwa upande wangu.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu, na sasa najua kosa lilikuwa wapi. Ni ile kanga. Kanga za Tarakea zinateleza. Ilipofika mstari wa pili ilikuwa imelegea, mfuko ukakosa wa kuubana. Yangekuwa mashuka mawili, kanisa lingesikia.

Na isale bado iko ndani ya kitabu changu cha nyimbo. Upande mmoja umekauka, upande mmoja una kijani. Mwalimu Sifael hajawahi kuletewa.

Nimechukua shuka la kitanda, nikamwita mama mkwe. Akalitazama, akanitazama, akasema Mama Jesse, basi jamani. Nimeshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili na kumpa mgongo.

"Vuta, Mama."