Duara Tukufu

Jumatatu, 4 Machi
Magoti yameniamsha kabla ya saa. Lifti ya hoteli bado mbovu. Masanduku kumi na saba, ghorofa nne! Miaka kumi na moja nabeba mizigo ya watu. Nimechoka, basi. Leo meneja katangaza kwamba mzee wa mapokezi anastaafu. Usaili Ijumaa saa tatu asubuhi, kwa Kiingereza. Mapokezi kuna kiti. Tena kina mto! Miwani, mhudumu wa chumba cha kulia, akatabasamu kana kwamba ameshakikalia. Kiingereza kinamtoka kama maji. Mimi nina “yes” na “this way”. Lakini akili ninayo.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata kitabu kikuukuu cha maneno ya Kiingereza na yale yanayoandamana nayo. Muuzaji kaniambia ukijua neno moja na wenzake wote, umeijua lugha. Panya wamekula upande wa maana. Si kitu, nitakisia. Nimechagua “circle”, yaani duara. Litaviringika hadi popote. “Circle of friends”, marafiki. “Full circle”, duara limejaa: vyumba vimekwisha. “Vicious circle” limenipa taabu. Lina mlio wa heshima. Nimeamua ni duara tukufu. Mke wangu, mwalimu wa chekechea, kanisihi niulize mtu. Nimuulize nani, Miwani?

Jumatano, 6 Machi
Jaribio la kwanza. Kitabu kinasema “dark circles under the eyes”, maduara meusi chini ya macho. Wanja, hakuna kingine! Mgeni mmoja wa kike kashuka asubuhi, nikamsifia hizo “dark circles” zake, kwamba ni nzuri mno. Akajitazama kwenye kioo muda mrefu. Kisha akamlalamikia meneja kwamba hajalala siku mbili kwa kelele za bomba, na sasa hata mbeba mizigo anamcheka. Akahamia ghorofa ya nne. Nani alibeba masanduku? Mimi.

Alhamisi, 7 Machi
Mbinu mpya. Nimemwambia Miwani kwamba usaili umesogezwa hadi saa kumi jioni. Afike nimeshakikalia kiti! Yule mstaarabu akaenda moja kwa moja kumshukuru meneja. Meneja akasema hajausogeza, ila ni wazo zuri, wageni wengi huondoka asubuhi. Akausogeza kweli. Kwa hiyo kesho nitabeba mizigo kutwa nzima ndipo nikasailiwe. Nimejikanda magoti kwa maji ya moto. Hayasikii.

Ijumaa, 8 Machi
Meneja, mkewe na mama mkwe wake mezani. Hoteli ni ya familia. Nimeingia nikitoka jasho. Wakaniuliza kwa nini naipenda hoteli. Nikajibu kwa Kiingereza, polepole, kwamba familia hii ni “vicious circle” nami nataka kuingia ndani yake. Wakatazamana. Nikadhani hawakusikia, nikarudia kwa sauti. Mama mkwe akaweka kalamu chini. Meneja akauliza kama najua ninachosema. Nikasema najua fika! Nyumbani mke wangu kacheka hadi akashika ukuta, halafu akanionea huruma, ambayo ni mbaya zaidi. Kumbe ni duara la balaa: shida inazaa shida na kukurudisha kule kule. Nimeona aibu, sifichi. Nilikitaka kile kiti.

Jumamosi, 9 Machi
Miwani amekikalia. Kanipa pole, akajitolea kunifundisha Kiingereza kila mchana. Nikamwambia sina shida hiyo. Afadhali ngazi! Meneja kaniita: nibaki kwenye mizigo, na Jumatatu niiombe radhi familia nzima, wafanyakazi wote wakisikia. Anadhani ananiadhibu. Kumbe kanipa jukwaa! Kosa langu lilikuwa umbo tu. Duara halina mwanzo wala mwisho, mtu atajuaje linampeleka wapi? Nimefungua ukurasa wa “square”, mraba. Una pembe, unaeleweka. Nimepata msemo mmoja safi: “back to square one”. Namba moja! Mke wangu anasema maana yake ni kurudi ulipoanzia, mikono mitupu. Amechoka, maskini, watoto wa chekechea wanamchanganya. Jumatatu nitaiahidi familia kwamba kwa jitihada zangu hoteli nzima itakuwa “back to square one”. Nitaanza na mama mkwe.