Friza, Soksi na Meza ya Sauti

Jumanne, 7 Mei

Nimeamka nikiwa na mke. Harusi ilikuwa mwezi uliopita na bado kila asubuhi nashangaa. Synnøve wangu. Viganja vyake vina sugu za mpiga ngoma, nami huzibusu moja moja kabla ya kahawa. Leo sikubusu hata moja. Alikuwa ameshashuka chini ya jengo, kwenye chumba chenye ngoma na kompyuta zake. Pamoja na Tormod.

Tormod anakaa ghorofa ya juu yetu. Wamepiga pamoja tangu shule: Synnøve anatunga na kupiga ngoma, Tormod anakaa kwenye meza ya sauti akibonyeza vitufe. Ni muziki wa dansi, wa umeme, lakini mtu akifumba macho anaona sinema. Unaanza upepo juu ya theluji. Zinakuja fidla zisizo na mpigaji. Kisha ngoma za mke wangu zinaporomoka kama mlima. Kisha kimya. Kisha watu wote wanaruka. Mimi hulia kila mara. Tormod halii. Ana moyo wa soli ya kiatu.

Habari yenyewe: Jumamosi ya wiki ijayo wanapiga kwenye ukumbi wa mji, na atakuwepo Vibeke, mama mtengeneza filamu kutoka Oslo. Akipenda, Synnøve ataishi Oslo hadi vuli, amtungie muziki wa filamu. Anaruhusiwa msaidizi mmoja. Nikauliza kwa upole msaidizi huyo ni nani. Akasema ni yule atakayekaa mezani siku hiyo, mpenzi, nani tena? Akanibusu puani.

Puani.

Ijumaa, 10 Mei

Sikulala vizuri. Oslo hadi vuli, yeye na Tormod, mimi hapa katika mji wetu mdogo wa Mosjøen nikiuza rangi za kuta. Haiwezekani. Ndoa yenyewe bado inanukia keki.

Lakini mimi ni katibu wa kamati ya jengo, na kesho ni msaragambo, wakazi wote tunasafisha pamoja kabla ya sikukuu ya taifa. Huku mtu anaweza kukosa mazishi ya shangazi yake na akasamehewa. Kukosa msaragambo, hapana. Wajukuu zake watasimuliwa.

Ghorofa ya tatu kuna friza kuukuu, nzito kama ng'ombe. Nani aishushe? Nimemteua Tormod. Sitaki aumie. Nataka achoke tu, kwa muda wa wiki hivi.

Jumamosi, 11 Mei

Kaumia.

Asubuhi watu wote walikuwa nje, wakifagia mchanga uliomwagwa barabarani wakati wa barafu. Mimi nilikuwa kwenye jiko la soseji, kama kila mwaka. Tormod akatokea mlangoni na friza, kinyumenyume. Akalia kama shakwe. Mgongo.

Mama mkwe, Borghild, akaniuliza mbele ya jengo zima: "We Jostein, hukuweza kushika hata upande mmoja? Soseji zingekimbia?" Nikamjibu kwamba katibu hutoa uongozi. Akasema uongozi ameuona, umelala pale kwenye ngazi unaomba barafu.

Hata hivyo! Synnøve alinijia na ufagio mkononi, nywele zimejaa vumbi, mzuri hadi nikaunguza soseji. Akasema Tormod hataweza kukaa kwenye kiti. Itabidi nikae mimi mezani. Nikajifanya nasikitika.

Jumatatu, 13 Mei

Najifunza vitufe. Kichwa chake karibu na changu, pumzi yake ina harufu ya jibini ya kahawia. Mbingu ni hii. Akasema mengine yote kompyuta itajiendesha. Kazi yangu ni moja. Kimya kikifika, nisiondoe jicho kwenye kitufe cheupe. Akishusha fimbo za ngoma, nibonyeze. Nikasema ndiyo, mpenzi. Nilikuwa natazama shingo yake.

Kisha akapanda juu na sufuria ya supu ya samaki. Ya Tormod. Jana pia. Akakaa huko hadi supu yangu mimi ikapoa, na ilikuwa supu ile ile.

Mama mkwe naye amemfumia Tormod soksi za sufu, nyekundu, zenye nyota nyeupe. Nikauliza soksi zinahusiana nini na mgongo. Akasema joto hupanda, mkwe wangu, hukusoma hilo shuleni? Mimi, mkwe wake halali, sina hata soksi ya mtoto mchanga. Siku ya harusi alisema mbele ya watu kwamba mimi si mbaya. Kwa watu wetu hilo ni shairi, najua. Nilitegemea ubeti wa pili.

Ijumaa, 17 Mei

Sikukuu. Bendera, bendi za shule, watu wote katika mavazi ya asili. Tormod alitembea na fimbo, na mji mzima ukampa pole kama askari aliyerudi vitani. Aliyeshika mkono wake mwingine ni mke wangu.

Kwenye kahawa mjomba wangu Asbjørn akaanza kucheka peke yake. Amekumbuka harusi yetu. Wageni walipogonga glasi kwa vijiko, tulipanda juu ya viti tukabusiana, kama ada. Walipokanyaga sakafu kwa miguu, tuliingia chini ya meza tukabusiana huko. Mjomba alikanyaga zaidi ya wote. Ah, chini ya ile meza! Kitambaa cheupe pande zote, goti lake kifuani pangu, na dunia nzima ikiwa miguu tu.

Papo hapo wazo likanijia. Kesho, kimya kikifika, ukoo wangu ukanyage. Synnøve ataacha ngoma, atakimbilia mezani kwangu, tutaingia chini. Vibeke ataona mapenzi. Watu wa filamu wanaishi kwa mapenzi. Tormod ataona pia.

Nikamweleza mjomba. Akasema: "Mwanangu, harusi ilishakwisha. Hata mabaki ya nyama tulishakula." Nikamwambia ada haina mwisho. Akasema sawa bwana, miguu ni yake na kelele anazipenda.

Jumapili, 19 Mei

Nitaandika kwa kifupi. Kichwa kinauma, nilikigonga.

Ukumbi ulijaa. Vibeke mstari wa mbele, Tormod kando yake, amesimama na fimbo. Upepo, fidla, ngoma. Nililia. Kimya kikafika. Synnøve fimbo juu, nywele usoni. Mjomba Asbjørn akaanza kukanyaga. Shangazi wakafuata. Kisha safu nzima, kisha ukumbi wote, sakafu ya mbao ikitetemeka.

Nikaingia chini ya meza. Nikafumba macho, nikatayarisha midomo.

Nikangoja.

Nilichosikia ni ngoma. Hakuja. Alikuwa anawajibu! Wanakanyaga, anapiga, wanakanyaga, anapiga, juu zaidi, kasi zaidi. Kisha mbele ya pua yangu zikaja soksi mbili nyekundu zenye nyota nyeupe. Mtu alikuwa amesimama mezani, na mtu huyo akabonyeza kitufe cheupe. Ukumbi ukapaa. Niliinuka kwa ghafla, ndipo nikakigonga kichwa.

Baadaye Vibeke akasema hajasikia kitu kama ile miguu, na lazima iwemo kwenye filamu. Synnøve akaniuliza: "Mume wangu, ulikuwa wapi?" Nikasema chini ya meza, nikikungoja. Akacheka hadi machozi, akanikumbatia mbele ya wote, akasema hakuna mtu mtamu kama mimi duniani. Kisha akasema anaondoka kwenda Oslo na Tormod.

Mama mkwe alipita na koti lake. Akasema, kwa mtu wa chini ya meza, si mbaya.

Jumatatu, 27 Mei

Treni iliondoka Jumatano. Alinibusu kila mahali, puani pia. Tormod alikaa dirishani, soksi miguuni.

Nyumba ni kimya, na hapa hakuna kitufe cha kubonyeza. Wimbo ameupa jina: "Chini ya Meza". Nikausikiliza. Nikalia. Kisha nikafikiri vizuri.

Nani anakataa msaragambo? Hakuna. Nimebandika tangazo mlangoni: Jumamosi ijayo tunapaka uzio rangi, wakazi wote, bila udhuru. Nimempigia Tormod simu mwenyewe. Akasema basi, atakuja, afanyeje.

Jioni Synnøve akapiga. Amefurahi mno. Wanakuja wote wawili, na Vibeke pia, wanase milio ya brashi na ndoo, tena watakaa wiki nzima chini ya jengo wakitunga. Nichome soseji nyingi, mpenzi.

Anarudi! Nilijua mpango ni mzuri.

Na ghorofa ya nne, nimechungulia leo, kuna friza nyingine.