Kitufe cha Panga Yote

Jumatatu, 3 Machi

Siku tano zimebaki. Jumamosi baba mkwe anafunga karakana yake ya redio, baada ya miaka arobaini na moja ya kuchomea nyaya. Sherehe itakuwa mle mle karakanani. Muziki utatoka kwenye kompyuta, na mpigaji atakuwa mmoja wetu: mimi, au mwanyumba wangu, yule fundi wa kupaka rangi aliyemuoa dada wa mke wangu. Mzee ametupa kila mmoja flashi yenye nyimbo zake 612, alizozihamisha mwenyewe kutoka kwenye kanda. Ijumaa atapita kwa kila mmoja na kutaja wimbo mmoja tu. Atakayeupiga bila kuhangaika ndiye atakayekaa mezani.

Lazima niwe mimi! Kwenye harusi ya shemeji mdogo mashine yangu ilisimama katikati ya wimbo, ikawauliza wageni mia mbili kama wangependa kuwasha upya sasa au baadaye. Mwanyumba bado anakisimulia kisa hicho, na kila akikisimulia wageni wanaongezeka.

Nimelinganisha programu nne. Ya kwanza inafunguka polepole. Nimechemsha chai na kuimaliza kabla haijafunguka. Ya pili haina sauti kabisa. Sifuri. (Baadaye mke wangu ameniambia alikuwa amechomoa spika ili achomeke pasi. Sifuri inabaki. Programu nzuri ingetoa taarifa.) Ya tatu ikimaliza wimbo inaanza ule ule. Tena zinagombana: nikibofya wimbo zote zinaruka mbele, kila moja ikitaka niitangaze kuwa mpigaji mkuu wa nyumba hii. Ya nne, Kinanda 5, imezishinda zote. Ina mawimbi ya rangi yanayocheza, na kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa Panga Yote.

Mwanyumba anatumia ile iliyokuja na kompyuta. Haina rangi. Haina mawimbi. Ni orodha tu! Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kulikoni.

Jumanne, 4 Machi

Nimefungua flashi. Aibu! Mzee ni bingwa wa redio, lakini kwa majina hana habari. Wimbo mmoja ameuita "Hii". Unaofuata ni "Hii Pia". Kuna "Ile ya Jogoo", "Ile ya Mlango", "Ile ya Mvua", na mmoja unaoitwa "Usiguse". Mimi ni karani wa masjala, mwaka wa kumi na tatu sasa. Jalada lenye jina la "Hii" ningelirudisha lilikotoka pamoja na barua ya onyo.

Nikahamishia zote kwenye kompyuta. Nikaifuta flashi ili nihifadhi Kinanda humo. Nikabonyeza Panga Yote. Ikaniuliza: Tafuta majina sahihi mtandaoni? Ndiyo. Futa majina ya zamani? Ndiyo. Ondoa kelele za nyuma? Ndiyo, ndiyo! Imefanya kazi kwa saa tatu, feni ya kompyuta ikihema kama mgonjwa. Sasa sauti ni safi, huwezi kusikia hata mkwaruzo.

Nimemtumia mwanyumba ujumbe kumwuliza kama yeye bado anasikiliza mikwaruzo. Amejibu kwamba ndiyo, bado, na kwamba mke wake anatusalimu.

Jumatano, 5 Machi

Balaa!

Asubuhi mke wangu, akinimiminia chai, amesema kama jambo la kawaida tu kwamba Jumamosi baba yake atacheza na mama yake, na wimbo ni "Ile ya Mvua". Basi huo ndio atakaoutaja Ijumaa! Nimeacha chai mezani nikakimbilia kompyuta.

"Ile ya Mvua" haipo. "Hii" haipo. Mtandao haujawahi kusikia hata mmoja kati ya nyimbo hizi. Na Kinanda, kwa kuwa haijui kitu wala haioni haya, imeziita zote Msanii Asiyejulikana, Wimbo 001 mpaka Wimbo 612. Nimebonyeza Rudisha. Imerudisha rangi ya awali ya mawimbi. Nimeiondoa, nimeiweka tena, nimezima swichi ya ukutani, nimeomba dua. Wapi!

Kumwomba mwanyumba nakala? Ng'o! Kanda zenyewe ziko kwenye sanduku la bati la mzee, na ufunguo anauning'iniza kiunoni. Kuuomba ni kukiri. Nimejikaza. Nimeweka nyimbo kwenye simu, nimekwenda nazo kazini, nikazisikiliza masikioni siku nzima nikitafuta mvua. Mkuu wa masjala amenikuta nimefumba macho, nimekumbatia jalada la likizo za wafanyakazi. Nimemweleza kuwa nahakiki.

Kufikia saa kumi nimepata nyimbo sita zenye mawingu na mmoja wenye mafuriko. Nauelekea huo wa mafuriko.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeomba ruhusa ya nusu siku, nikaenda kwa mama mkwe kujifanya nakagua bomba lake la jikoni. Bomba lilikuwa zima nilipofika. Nikiwa chini ya sinki nimemwomba, kwa njia ya mzaha, aniimbie kidogo "Ile ya Mvua".

Amecheka sana. Amesema ule wimbo hauna maneno, mwanangu, ataimba nini? Ulipigwa na mteja aliyeleta redio yake karakanani. Mvua kubwa ikamzuia kuondoka, akatoa gitaa. Mzee, enzi hizo kijana, alikuwa ametoka kutengeneza kinasa sauti cha mtu, akakiwasha kukijaribu. Na yeye mama alikuwa amejibanza mlangoni na mwavuli uliovunjika. Walikuwa hawajuani kabisa. Kwa maoni yake gitaa lenyewe lilikuwa la kawaida tu. Mzee anachokipenda ni ile mvua juu ya mabati. Akiisikia anasema ndiyo siku yenyewe.

Mabati! Kelele za nyuma!

Nimefika nyumbani nikihema. Nimeupata: Wimbo 418. Gitaa peke yake, safi kabisa. Mvua haimo hata tone. Nimekaa sakafuni. Kwa kweli nimeona aibu, na nimemwonea mzee huruma.

Lakini mimi si mtu wa kushindwa na mvua. Saa kumi na moja jioni nimeweka sinia karibu na kipaza sauti, nikaanza kurekodi upya, nikimimina mchele taratibu huku 418 ukilia. Kilo mbili, kwa mkono mmoja. Matokeo ni ya ajabu! Mke wangu ameingia katikati na maswali yake, nikamfanyia ishara anyamaze. Sijausikiliza mpaka mwisho, ila mwanzo unaridhisha sana.

Ijumaa, 7 Machi

Mzee amefika saa kumi kamili, kavaa kofia, mwanyumba nyuma yake na rangi ya bluu kwenye kucha. Amekaa. Amekataa chai kwanza. Ametaja "Ile ya Mvua".

Nimebofya mara moja, bila kuhangaika! Mawimbi yakacheza. Mzee akainamisha kichwa, kisha akauliza kwa upole nani anakaanga vitu jikoni. Nimemwambia hiyo ndiyo mvua. Ameniangalia. Hapo ndipo sauti ya mke wangu ikatoka kwenye spika zote mbili, kubwa na safi, ikiuliza ni mume gani huyu anayemwaga mchele wa wiki nzima sakafuni, na kama kompyuta nayo sasa inakula.

Mwanyumba ametoka nje kukohoa. Amekohoa kwa muda mrefu.

Nimeeleza yote. Mzee hakunigombeza, na hilo limeniuma zaidi. Tumekwenda wote kwa mwanyumba. Kompyuta yake ina matone ya rangi kila mahali na herufi mbili zimeng'oka. Ameshuka kwenye orodha yake kwa kidole: "Hii", "Hii Pia", "Ile ya Mvua". Akabofya. Ikanyesha! Mzee akavua kofia. Sasa ndipo alipoomba chai.

Jumamosi, 8 Machi

Karakana imejaa. Redio mbovu zimepangwa ukutani, viti vimeazimwa kwa majirani. Mwanyumba amekaa mezani. Nilijiandaa kumwonea wivu, lakini ameniita nikae kando yake, kwa madai kwamba kebo ya spika imelegea na inahitaji mtu wa kuishika. Nimeishika saa nne nzima. Baadaye nimeiachia kidogo kujaribu, na haikuwa imelegea.

"Ile ya Mvua" ilipoanza jua lilikuwa linawaka nje, na wageni kadhaa wakatazama juu kwenye mabati. Mama mkwe alikwenda kusimama mlangoni, pale pale. Mzee akavuka karakana kumfuata. Walicheza vibaya, wakikanyagana, na hakuna aliyewatania. Nimelia. Mwanyumba pia amelia, nimemwona.

Jumapili, 9 Machi

Moyo wangu mweupe. Mwanyumba ni mtu mwema, nimemkosea miaka mingi. Jana gari lilijaa viti, akaniachia kompyuta yake niitunze kwangu mpaka kesho. Nimeamua kumlipa wema kwa wema.

Na nimejifunza! Toleo jipya, Kinanda 6, nililoliweka kwenye kompyuta yake, haligusi majina kabisa. Nimesoma maelezo mara mbili. Zaidi ya hapo, kabla ya kubonyeza chochote nimeuchukua wimbo wa "Ile ya Mvua" nikauweka kwenye folda yake peke yake, mbali, ukiwa na mvua yake yote. Mtu akosee mara mbili? Thubutu!

Ndipo nikabonyeza Panga Yote kwa hizo 611 zilizobaki. Ondoa kelele za nyuma? Ndiyo. Mwanyumba hataamini masikio yake. Kazi ilikuwa kubwa: wimbo mmoja ulikuwa na mlango unaolia kila baada ya ubeti, na mwingine, sijui mzee aliuvumiliaje, ulikuwa na jogoo anayewika katikati kabisa! Zote safi sasa.

Mzee amepiga simu muda huu huu, mwenye furaha tele. Jumapili ijayo anawaalika dada zake wote chakula cha mchana, na angependa wasikie "Ile ya Jogoo", maana jogoo yule alikuwa wa marehemu mama yao. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, nitamletea mimi mwenyewe.