Simu Imesema Hakuna Mtandao

Leo nimejianika mbele ya wapangaji wote, na bado nina uso wa kuwasimulia.

Mdogo wangu Nabwire alikuwa na usaili wa chuo cha uuguzi, saa nne asubuhi, kwa video. Mimi niliacha shule darasa la sita wazazi walipofariki, nikawa mama na baba wa wawili: yeye, na Ouma ambaye sasa anafanya kazi Tororo. Kwa hiyo usaili ulikuwa wangu pia, ingawa hakuna ambaye angeniuliza swali.

Simu ya kutumia ilikuwa yangu. Ya zamani ilitumbukia kwenye sufuria ya maharagwe (msiulize), nikanunua nyingine jana upande wa Kenya. Bando haifai kwa video hapa Busia. Simu inashika Uganda, ukigeuka kidogo inashika Kenya, mazungumzo yanakatika. Ndiyo maana tuna modemu ya nyumbani.

Saa mbili na nusu nikatafuta waifai kwenye simu mpya. Ikaandika: Hakuna Mtandao. Pembeni, alama ya kufuli. Nikajua kampuni ya intaneti imetufungia.

Nikazima modemu, nikawasha. Taa zote kijani. Simu: Hakuna Mtandao. Nikachomoa waya, nikaufuta kwa leso, nikaurudisha. Hakuna Mtandao. Nabwire alikuwa ameshapiga pasi blauzi, amekaa kitandani, ananitazama vile alivyokuwa akinitazama zamani nikikung'uta gunia la unga. Nimechoka kutazamwa hivyo.

Saa tatu akaja fundi Opio, akapanda paa kugeuza antena ya modemu.

"Madam, simu inasema nini?"

"Hakuna mtandao."

"Na sasa?"

"Hakuna mtandao."

"Sasa nimeigeuzia Kenya."

"Opio, hata Kenya hakuna."

Mama Achieng', mpangaji wa mlango wa pili, akatoka na beseni la nguo. "Jirani, si kila siku unatuambia hakuna mtandao? Leo unatafuta nini?"

Nikajifanya sikusikia. Zilibaki dakika kumi na tano. Nikajifunga leso kiunoni, nikapanda ngazi mwenyewe, simu nimeiinua juu kama mtu anayeomba mvua.

Ndipo ukuta ukaongea.

"Dada, unafanya nini kwenye paa?"

Nusura niachie ngazi. Ilikuwa kamera ya mlangoni, ile aliyoifunga Ouma kuku walipoibwa. Mtu akipita, simu ya Ouma inamjulisha huko Tororo, anaona, na akitaka anaongea. (Sauti yake ni kubwa. Iliwekwa kutisha wezi.)

"Mtandao umekufa," nikasema.

"Umekufa, halafu mimi nakuonaje?"

Opio akaiachilia antena.

"Ouma, simu imeandika hakuna mtandao."

"Dada. Hilo ni jina la waifai yetu. Si wewe uliniambia niiite hivyo, ili Mama Achieng' asituombe nywila?"

Mama Achieng' akaweka beseni chini, taratibu. "Kumbe miezi yote hii ulikuwa unanitajia jina."

"Madam," Opio akauliza kutoka juu, "nishuke?"

Nikashuka kwanza mimi. Nikagusa Hakuna Mtandao, nikaandika nywila, mtandao ukaja. Nabwire akaingia kwenye usaili zikiwa zimebaki dakika mbili. Nikasimama nje ya mlango, nikamsikia akijibu swali la kwanza, la pili, la tatu. Hakutetemeka. Nikaenda mlango wa pili, nikampa Mama Achieng' nywila kabla hajaomba. Akaiandika bila kunitazama, halafu akauliza usaili unaendaje.

Majibu yanatoka Ijumaa. Kwa hiyo mwombeeni Nabwire kwanza. Kunicheka, subirini Jumamosi.