Vijidonge vya Kidevu

Jumatatu, 3 Machi
Nafasi imetoka! Msaidizi wa kulisha seli. Tunaigombea wawili tu, waosha vyombo wa maabara: mimi na Kidevu. Shemeji kasema nikiikosa nihame kwenye kochi lake. Dada kaanza kukunja shuka langu. Nikaogopa zaidi.
Daktari, bosi wetu wa maabara, kampa kila mmoja kisahani cha seli za saratani, atunze. Mimi siulizi, naona haya. Ila macho ninayo. Zilizoshika chini ziko hai. Zinazoelea zimekufa, Daktari huzimwaga.
Zangu zimeshika. Za Kidevu zinaelea, vijidonge vijidonge. Kaua zote! Pole yake. Hihihi.

Jumanne, 4 Machi
Nilipanga kumsemea. Nikafanya mazoezi mbele ya friji. Nikafika kwa Daktari. Nikauliza kama sabuni ipo.
Mpango wa pili: nikamwaga vijidonge kwenye sinki. Daktari akute kisahani kitupu, Kidevu ajieleze mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Daktari kashika kichwa. Eti kile kisahani alikipaka utelezi makusudi, seli zisishike chini. Seli ya kawaida ikibanduka, inajifia. Hizi za saratani zinashikana zenyewe kwa zenyewe. Zina vitu vya kunatia kwenye ngozi zao, kama vijikono, na zikishikana zinaambiana zisife. Ndivyo zinavyosafiri mwilini na kuanza uovu kwingine. Yeye anatafuta dawa ya kuvibandua hivyo vijikono. Vijidonge ndiyo kazi yenyewe, jamani! Nani kamwaga?
Kidevu akanitazama. Mimi nikatazama sabuni.
Kidevu akasema mkono wake uliteleza.
Kwa nini? Baadaye kwenye sinki kaniambia, ndugu yangu, we ukifukuzwa nitapiga soga na nani? Mtu wa ajabu.

Alhamisi, 6 Machi
Daktari alikuwa na visahani vingine kwenye kabati la joto. Kimoja kakitia dawa ya majaribio. Katuruhusu tuchungulie kwenye darubini. Penye dawa, seli zimeachana, zinakufa mojamoja. Pasipo dawa, zimekumbatiana kama watoto wa dada chini ya blanketi moja. Daktari alicheka mpaka miwani ikadondoka.

Ijumaa, 7 Machi
Kidevu kaipata! Daktari kasema anayekiri kosa ndiye anayefaa. Kidevu akaomba niwe msaidizi wake, kwa majaribio. Daktari kakubali. Shemeji kasema kochi ni langu nikifaulu. Dada kanipa mto mpya.
Nimefurahi, ila roho inanisuta. Nitamlipa vipi huyu mtu?

Jumamosi, 8 Machi
Nimepata! Leo nilichungulia kisahani kipya cha Kidevu, kile cha kuanzia kazi, kimeandikwa 'hakijapakwa'. Masikini, zote zimelala chini. Hakuna hata moja inayoelea, na sasa najua hai ndizo zinazoelea. Zimekufa!
Safari hii sikupanga kumsemea. Nimezimwaga zote upesi, Daktari asije akaona. Jumatatu nitamwambia Kidevu. Atafurahi huyo!