Bingwa Kutoka Nchi ya Theluji

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Nakala mia mbili za kitabu changu bado zimelala sebuleni kwa dada. Zimegeuka meza ya chai! Na humo nimesimulia nilivyomwangusha kiboko kwa mkono wa kushoto. Dada kasema zisipoondoka kufikia Ijumaa, anampa muuza karanga akafungie karanga. Karanga!

Nikakimbilia kwa muuza vitabu. Kanieleza kwamba wasomaji hugeuza kitabu nyuma kwanza, waone mwandishi katoka wapi. Akiwa wa mtaa wa pili, wanakirudisha rafuni. Haya. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Jumanne, tarehe 5
Mgeni kaja! Binti wa dada kanichapia vibandiko: mwandishi ni bingwa kutoka nchi ya theluji, mfasiri ni mimi, kwa herufi ndogo. Kauliza, eti mjomba, kwenye theluji kiboko katoka wapi? Nikamwambia alikuja likizo. Watoto wa siku hizi, maswali tu.

Jumatano, tarehe 6
Themanini zimekwenda! Mwalimu mstaafu, aliyekirudisha kitabu rafuni mara tatu kilipokuwa changu, kanunua viwili.

Alhamisi, tarehe 7
Balaa. Nipo dukani, najifanya nasoma, mwalimu kaingia. Kamwambia muuza vitabu kwamba yule mgeni ana kipaji cha ajabu, ila mfasiri ni mbumbumbu, kamharibia sentensi. Wateja wakadakia: maskini, mgeni wa watu! Nikasema huenda sentensi tamu ni za mfasiri. Mwalimu akanikata: “Ndugu yangu, usimtetee mvivu!” Ulimi uliniwasha. Lakini nikijitaja, vyote vinarudi sebuleni. Nikarudia kujifanya nasoma.

Ijumaa, tarehe 8
Zimeisha! Dada kanipa chai juu ya meza ya kweli. Kisha kasema anatamani kumwona huyo mgeni, mwanamume wa kwanza kumwondolea takataka nyumbani. Hata dada, tumbo moja! Mgeni hajashika kalamu, hajaona hata mkia wa kiboko, sifa zote zake. Mimi niliyeng'oa meno ya yule mnyama, mbumbumbu!

Basi, namkomesha. Leo naanza kitabu cha pili: jinsi mtu wa theluji alivyoniibia kiboko wangu. Dunia ijue ukweli! Nimeshamtuma mpwa achape vibandiko. Mwandishi: bingwa kutoka nchi ya jangwa. Kauliza mfasiri nani.

Mimi, nani mwingine?